A Love Supreme: si muujiza wa usiku mmoja

Simulizi inayopendwa ni kwamba mpiga saksafoni wa jazz John Coltrane aliacha heroini, akamgeukia Mungu, kisha papo hapo akaingia studio na kurekodi albamu yake ya kumshukuru, A Love Supreme. Miaka inakataa. Uraibu ulimfukuzisha katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1957, na ni mwaka huohuo anaoutaja kwenye jalada la santuri kuwa wa mwamko wake wa kiroho. Kurekodi kulifanyika tarehe 9 Desemba 1964. Katikati hapo alipiga na mpiga piano Thelonious Monk, akarudi kwa Davis wakatoa albamu ya Kind of Blue, akaunda kundi lake mwenyewe. Shukrani iliyo katika A Love Supreme imetolewa na fundi aliyekwisha kupevuka.

Dhana nyingine: wanamuziki wanne walikutana tu katika studio ya fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder huko New Jersey, wakapiga lililowajia. Siku ilikuwa moja kweli, lakini ramani ya kazi Coltrane alikuwa nayo. Maandishi yake ya mkono yamehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani.

Linaloniuma zaidi ni kusikia sehemu ya mwisho, "Psalm", ikiitwa upulizaji usio na mpango. Coltrane alitunga shairi la kumshukuru Mungu, likachapwa kwenye jalada. Lishike mkononi, sikiliza taratibu, ufuate mstari kwa mstari: saksafoni inalighani shairi hilo, karibu mizani kwa mizani, huku mpiga ngoma Elvin Jones akivumisha timpani, ngoma kubwa za okestra, nyuma yake. Maneno ya shukrani yanaporudi, mara nyingi sauti inashuka na kutua. Ukishalisikia hivyo mara moja, huwezi tena kuliona kama muziki usio na maneno.

Wapo pia wanaoamini hapo ndipo kilele chake, na baadaye alipotea njia. Mimi nakataa. Juni 1965 alirekodi albamu ya Ascension, wakiwa wanamuziki 11, ambayo wengi iliwashinda kusikiliza. Lakini hakuwa ameitupa A Love Supreme: mwezi uliofuata aliipiga Antibes, Ufaransa, na Oktoba akaipiga Seattle, Marekani, akiwa na mpiga saksafoni mwingine, Pharoah Sanders. Rekodi ya Seattle ilitolewa mwaka 2021. Kazi iliyochukua kama dakika 33 studio ilivuka saa nzima jukwaani huko Seattle, na "Psalm" bado imo.