Je, wajua: meseji ya "simu yako ina virusi" hujuaje uko na Tecno na mahali uko?

Mtu ako Kondele, Kisumu, anatafuta linki ya kuangalia mechi ya bure, ghafla skrini inageuka nyekundu, simu inatetemeka mkononi, na meseji inasema Tecno yako imeharibika asilimia 28.1 kwa sababu ya virusi 4, na usipobonyeza hapo saa hii hata laini itaharibika, namba na picha zote ziende. Wengi huamini papo hapo na si ujinga, maana hiyo kitu imetaja simu kwa jina. Kama haijaingia ndani, imejuaje?

Imejua juu simu yenyewe imeiambia. Kila ukifungua tovuti, hata ya gazeti, brauza hujitambulisha kwanza: mimi ni Chrome, niko kwa Android fulani, na kwa miaka mingi ilikuwa inataja mpaka modeli ya simu. Si siri, iliwekwa ndio tovuti ijue itume ukurasa wa simu ama wa kompyuta. 2023 Chrome ilianza kuficha hiyo habari, ikawa simu nyingi zinajitambulisha kama Android 10, modeli "K", hata kama yako ni 14, ingawa tovuti ikiuliza modeli kando bado inaweza kujibiwa. Mahali uko nayo hukisiwa kwa anwani ya IP, ile namba simu hupewa ikiingia mtandaoni, na data ya simu hapa Kenya mara nyingi huonekana ni kama inatoka Nairobi, kwa hivyo mtu ameketi Ahero anaambiwa virusi vimepatikana Nairobi. Kutetemeka je? Ukishagusa skrini mara moja, Chrome huruhusu ukurasa utetemeshe simu, basi.

Na ile 28.1 imezunguka miaka, namba ni ileile kwa Samsung, kwa Tecno, kwa simu imetolewa kwa boksi leo. Hakuna kitu ilipimwa, imeandikwa tu kwa ukurasa.

Chukulia kuna jamaa amesimama nje ya geti ya ploti yenu. Anapiga kelele: "Nyumba namba saba, kuna nyoka chini ya kitanda!" Unashtuka juu ametaja namba yako, lakini namba si imeandikwa mlangoni? Hajaingia, hajui hata kama uko na kitanda. Geti ndio brauza, imejengwa makusudi ukurasa usisome faili zako wala kuona umeweka programu gani. Ndani ya ploti nako kila programu ya Android iko na chumba chake na kufuli yake, kwa hivyo hata antivirusi ya ukweli haipekui droo za chumba cha jirani, kazi yake kubwa ni kukagua wapangaji waliopo na mizigo waliyokuja nayo. Shida inaanza ukimwambia yule jamaa aingie atoe nyoka, yaani ukibonyeza na kuweka programu yake, maana yeye ndiye amekuja na gunia. (Brauza ya zamani haijaapdetiwa inaweza kuwa na mashimo, hiyo ni kweli, lakini mwenye anajua kupita kwa shimo hana haja ya kupiga kelele getini.)

Hii biashara ya antivirusi za uongo iko na historia ya kuchekesha. 2014 kulikuwa na programu inaitwa Virus Shield kwa Play Store, dola 3.99, ikanunuliwa zaidi ya mara 10,000 na ikapanda juu kabisa kwa zile za kulipia, halafu ikagundulika kazi yake ilikuwa kubadilisha alama ya X iwe tiki. Hiyo tu. Google ikarudishia watu pesa. 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ikajaribu antivirusi 250 za Android, ni 80 tu zilishika angalau asilimia 30 ya programu mbaya bila kusingizia zile safi. Zingine zilikuwa zinaangalia tu kama jina la programu liko kwa orodha ya zile nzuri, na kwa vile waliozitengeneza walisahau kuziweka zenyewe kwa hiyo orodha, zikajiripoti kuwa ni hatari. Angalau hapo zilisema ukweli.

Kutoa sasa, kama ulishabonyeza na matangazo hayaishi. Kama matangazo yanakuja juu kwa notifikesheni, finya moja ukae nayo. Ikiandika Chrome na anwani ya tovuti, hakuna programu ya kutoa, ulibonyeza "Allow" mahali, mara nyingi kwa zile za "thibitisha wewe si roboti". Ingia setingi za Chrome, upande wa notifikesheni, uzime hiyo tovuti. Lakini kama tangazo linajaza skrini hata ukiwa hujafungua kitu, hiyo ni programu. Likitokea bonyeza kitufe cha kuonyesha programu zilizo wazi, mara nyingi utaona ni ya nani, na usishangae ikiwa ni ile ya "kusafisha simu". "Uninstall" ikikataa, itoe kwanza kwa orodha ya "device admin", yaani programu zilizopewa mamlaka juu ya simu. Ama washa simu kwa "safe mode", ambapo ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi: matangazo yakinyamaza, mwizi ni mmoja wao.

Watu hukimbilia kuriseti simu yote, na mara nyingi ni kazi bure, juu ukirudisha bakapu ile programu inarudi nayo. Kuna moja hata kuriseti haikuitoa. xHelper, iliyojifanya programu ya kusafisha na kuongeza spidi, ilikuwa inajiandika ndani ya mfumo wenyewe wa simu, hasa Android 6 na 7, na Kaspersky walieleza ujanja wake 2020. Kwa hiyo pekee, fundi akikuambia simu inataka kufleshiwa, yaani kuwekewa mfumo upya, mlipe tu.