Mama hajashindwa na rimoti

Jumamosi iliyopita kijana aliniletea TV kwa tuktuk kutoka Bombolulu hadi kwenye kibanda changu cha ufundi Majengo, Mombasa, imefungwa blanketi kama mgonjwa, akisema imekufa. Nikaitia stima, nikaunganisha dikoda, nikabonyeza kitufe kimoja, picha ikaja. Ilikuwa imehama tu kutoka tundu lenye dikoda hadi tundu tupu. “Ni mama,” akasema. “Amezeeka, kila akishika rimoti anaharibu. Tumeamua tuifiche.”

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na kila mara yaniuma. Rimoti ikishafichwa, mzee hukaa mbele ya kioo cheusi akingoja mjukuu arudi kutoka shule amwashie. Taarifa ya habari ya saa moja inampita, nyumbani kwake mwenyewe.

Dhana: Wazee hawawezi kujifunza rimoti.

Nilimuuliza kijana kama mama hutuma pesa kwa simu. Akasema ndiyo, tena ndiye mweka hazina wa chama chao. Sasa M-Pesa ilianza 2007, mama huyo akiwa mtu mzima na watoto wake. Alijifunza ukubwani, na leo anaweka namba ya siri bila kukosea. Mtu kama huyo ashindwe kuongeza sauti?

Simu humuuliza jambo moja kwa wakati, yaweza kumuuliza kwa Kiswahili, na humwonyesha kiasi kabla pesa hazijatoka. Rimoti haimuulizi lolote. Ina vitufe arubaini na zaidi, maandishi ya Kiingereza madogo kama punje za mtama, na kidole kikiteleza skrini inageuka buluu bila kumwambia kimeteleza wapi. Tena tangu 2015, matangazo ya analojia yalipozimwa nchini, nyumba nyingi zina rimoti mbili, ya TV na ya dikoda. Zote nyeusi, zote zina kitufe chekundu juu, zote zina vitufe vya sauti. Mjukuu akipunguza sauti kwa hii, bibi akiongeza kwa ile, wala haisikiki vizuri, lawama zinamwendea bibi.

Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti isiyo na waya wala betri, kazi ya mhandisi Robert Adler. Ukibonyeza, kinyundo hugonga ufito wa alumini, ukatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii lakini TV inausikia. Toleo lake moja lilikuwa na vitufe vinne: kuwasha na kuzima, chaneli mbele, chaneli nyuma, kunyamazisha sauti. Ningekuwa na rimoti ya namna hiyo ya kuwagawia, nusu ya kazi zinazokuja kwangu zisingekuja.

Kwa kuwa sina, nafanya hivi. Nafungua rimoti taratibu, nakata kipande chembamba cha plastiki ya chupa ya soda, nakiweka kati ya raba ya vitufe na bodi, mahali pa vile vitufe ambavyo mzee havihitaji. Mzee akivigusa, vinabonyea lakini havigusani na bodi, kwa hiyo hakuna linalotokea. Cha kwanza kuzibwa ni kile kilichoandikwa SOURCE au INPUT, kwa sababu ndicho kinacholeta TV nzima kwangu kwenye blanketi. Wengine hubandika selotepu juu ya vitufe. Kwa joto letu hili gundi yake huyeyuka, rimoti nzima ikawa ya kunata na kushika vumbi. Msifanye hivyo.

Kisha naziunganisha rimoti mbili ziwe moja. Dikoda ikiwa imechomekwa kwa waya wa HDMI, TV nyingi za sasa zina mpangilio unaoruhusu vifaa viwashane. Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita Simplink. Ukiwashwa, na dikoda nayo ikiukubali, mzee anabonyeza kitufe kimoja na vyote viwili vinaamka. Dikoda za zamani za waya wa rangi tatu haziwezi hilo. Hizo tafuta rimoti ya kufundishwa yenye vitufe vichache: unaielekeza uso kwa uso na ile ya zamani, unaifundisha kitufe kimoja kimoja. Ni kazi ya dakika kumi.

Jambo jingine watu hulisahau: chaneli. Dikoda yaweza kuwa na chaneli mia na mzee anatazama tano. Weka hizo tano kwenye orodha ya azipendazo, abaki kwenda mbele na nyuma ndani ya hizo tu.

Dhana: Ifunge nailoni isiharibike.

Mombasa nzima mna ugonjwa huu. Rimoti inatoka dukani na mfuko wake, inakaa nao miaka mitatu hadi nailoni iwe ya njano na maandishi hayasomeki. Jasho na unyevu wa hewa yetu ya bahari vikiingia humo havitoki, springi za betri zinashika kutu. Na mzee mwenye vidole vinavyouma anabonyeza raba na nailoni pamoja. Itoeni. Futeni rimoti kwa kitambaa kikavu kila wiki, yatosha.

Dhana: Vitufe vikiwa vikubwa, basi.

Ukubwa unasaidia, lakini kitufe kikubwa cha kijivu juu ya rimoti nyeusi hakionekani kwenye sebule yenye taa moja. Jicho la mzee hupokea mwanga mchache kuliko la kijana, kwa hiyo anachohitaji ni rangi zinazoachana: nyeupe juu ya nyeusi, njano juu ya nyeusi. Rangi ya kucha ni dawa nzuri: tone jekundu kwenye kitufe cha kuwasha, matone mawili meupe kwenye vya sauti. Likikauka linabaki na kinundu, naye anakitafuta kwa kidole hata gizani. Rimoti nyingi zina kinundu kama hicho kwenye namba 5. Mshikisheni mzee akijue, kitamwelekeza kwenye namba nyingine zote.

Dhana: Ikigoma, ipige.

Kuipiga husogeza betri kidogo, ndiyo maana inafanya kazi kwa dakika moja. Elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza, tazama skrini. Ukiona taa ya zambarau, rimoti iko hai. Usipoiona, badilisha betri zote mbili pamoja, usichanganye kuukuu na mpya. Ukikuta unga mweupe uliovuja kwenye betri za alkalaini, pamba yenye tone la ndimu au siki inausafisha. Pakaushe kabla ya kurudisha betri.

Dhana: Nunua ya kuongea nayo.

Rimoti ya kuongea nayo kwa kawaida inahitaji intaneti, na mara nyingi inataka kitufe kishikiliwe muda wote wa kusema. Mtu anayetetemeka mkono atakiachia katikati ya sentensi. Kama nyumba haina waifai ya kudumu, hiyo pesa nunua rimoti ya vitufe saba.

Mkija kwangu, njooni na rimoti zote mbili na mwenyewe mzee. Nitamkalisha kwenye kiti, nimpe rimoti, ninyi msimfundishe wala msimshikie mkono. Nataka nione kidole chake kinaenda wapi kwanza, kisha ndiyo nijue kitufe gani nizibe.