Zege likivutwa halikatiki ghafla: mkia wa grafu na namna ya kuupata

Ulizia ubora wa zege popote Dar, iwe Goba au Kigamboni, utaletewa majibu ya kyubu (mchemraba wa zege unaobanwa hadi uvunjike): ya siku 7, ya siku 28, basi. Kyubu inapima kukandamizwa. Kuvutwa ni habari nyingine. Zege la daraja C25/30, kwa hesabu ya Eurocode 2 (kanuni za Ulaya za kusanifu zege), hustahimili mvuto wa nyutoni 2.6 hivi kwa milimita ya mraba, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa.

Wengi huchukulia kwamba likifika hapo limekwisha. Sivyo. Nyufa ndogondogo hujikusanya kwenye ukanda mmoja mwembamba, huku kokoto na mchanga vikiendelea kushikilia pande zote mbili. Ufa unapanuka, nguvu inapungua. Huko ndiko kulegea kwa zege. Mwaka 1976 Hillerborg, Modéer na Petersson wa Lund, Sweden, walipendekeza ukanda huo uhesabiwe kama ufa mmoja ambao bado unapitisha nguvu. Chora nguvu dhidi ya upana wa ufa: eneo lililo chini ya mstari ni nishati ya mpasuko, na kwa zege la kawaida huwa karibu na nyutoni 100 kwa mita, yaani jouli 100 kwa kila mita ya mraba ya uso unaopasuka. Kwa kiasi hicho, mkia wa grafu, yaani sehemu inayoshuka baada ya kilele, hufika sifuri ufa ukiwa na milimita 0.14 hivi.

Kazi ni kuupata mkia wenyewe. Kuvuta kipande moja kwa moja kunasumbua, maana kikipinda kidogo tu upande mmoja hutangulia kupasuka. Mashine nayo isipokuwa ngumu ya kutosha hujilimbikizia nishati kama upinde uliovutwa. Zege likianza kulegea, yote inaachiliwa kwa mpigo, na grafu inaishia kileleni. Ndiyo maana tunavunja boriti yenye mkato katikati, na mashine inaongozwa na upana wa mdomo wa mkato, si mzigo.

Utaratibu wa 1985 wa RILEM, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa vifaa vya ujenzi, kwa kokoto za hadi milimita 16, unatumia boriti ya milimita 100 kwa 100, urefu 840, viegemeo vyake viwili vikiwa umbali wa 800, mkato ukifika nusu ya kina. Hapa wanafunzi wengi husahau uzito wa boriti yenyewe. Ina kilo 20 hivi! Ikishuka milimita 1 kabla ya kukatika, uzito huo peke yake, kwa hesabu ya RILEM, unachangia karibu jouli 0.2, wakati kuukata uso wote uliobaki kunahitaji kama jouli 0.5. Usipoujumlisha, jibu lako ni takataka.

Na boriti ibaki majini hadi muda mfupi kabla ya kupimwa. Kwa joto letu la Januari, ukiiacha mezani uso utakauka, utasinyaa na kujivuta wenyewe, mzigo hata haujawekwa.

Boriti ikishavunjika, mimi hutazama uso wa mpasuko kabla ya kufungua kompyuta. Kokoto ngumu, mfano za Lugoba mkoani Pwani, mara nyingi hung'oka zikiwa nzima: ufa umelazimika kuzizunguka, na mkia huwa mrefu. Kokoto dhaifu za mawe ya matumbawe hukatika katikati, ufa ukapita moja kwa moja, hata pale majibu ya kukandamizwa yanapolingana.