Thaler ya Liechtenstein na riale ya bibi

Juzi niliweka sarafu mbili kwenye mizani, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni riale ya Maria Theresa, ile ya 1780 ambayo bibi zetu wa pwani waliijua na masonara wakaiyeyusha bila huruma. Ya pili ni thaler, sarafu kubwa ya fedha ya Ulaya kama riale yenyewe, ya 1778 ya Franz Josef wa Kwanza, mtawala wa Liechtenstein, nchi ndogo kati ya Austria na Uswisi. Zote gramu 28 na ushee.

Hazikulingana kwa bahati. Mwaka 1753 Austria na Bavaria ziliafikiana kiwango kimoja: thaler 10 kwa kila mark ya Cologne (kipimo cha uzito cha Wajerumani wa zamani) ya fedha safi. Kwa hiyo ukiziyeyusha, thamani yake ni ile ile. Lakini riale zilitengenezwa kwa mamilioni, na za Liechtenstein katika karne ya 18 zina miaka michache tu: 1728, 1758, 1778 ndiyo utakayokutana nayo.

Kwa nini chache? Kwa sababu ilikuwa pesa ya heshima. Ukoo wa Liechtenstein ulinunua maeneo ya Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712 ili upate kiti kati ya watawala wa Dola Takatifu ya Kirumi. Kaisari wake, Karl wa Sita, akayaunganisha 1719 yakawa Liechtenstein. Wenyewe waliishi Vienna. Mtawala wa kwanza kufika Liechtenstein akiwa madarakani alifika 1842! Hata maandishi ya sarafu yanawasuta: DUX OPP. & CARN., yaani mtawala wa Opava na Krnov, huko Silesia. Vaduz haimo.

Pesa ya heshima huishia kifuani, na hapo ndipo wakusanyaji tunapolizwa. Thaler yangu ya kwanza niliuziwa kama safi kabisa. Nyumbani nikaishika kwa ukingo chini ya taa, nikaizungusha polepole: juu ya kichwa cha mtawala palikuwa na kiraka chembamba cha risasi, weupe wake si weupe wa fedha. Kilikuwa lehemu ya kipete cha mkufu, iliyokwanguliwa na kupigwa msasa.

Tangu siku hiyo naanza na ukingo, uso baadaye. Na ile iliyong'arishwa ikameta kama sufuria mpya siigusi, hata kwa bei ya kutupa. Weusi wa miaka mia mbili haurudishwi.

Ile yenye kiraka bado ninayo. Haiuziki.