Si Kila Neno Geni Katika Shairi Limevunjwa Ili Kupata Mizani

Juzi nimemaliza kusahihisha rundo jingine la majibu ya ushairi, na sentensi ile ile imenifuata karatasi baada ya karatasi: "Mshairi ametumia inkisari ili kutosheleza mizani." Yaani amelifupisha neno ili mshororo upate idadi yake ya silabi. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, inaandikwa kuhusu neno ambalo halikufupishwa hata kidogo, na mwanafunzi anaiandika kwa sababu alifundishwa kwamba neno lolote asilolijua ndani ya shairi lazima liwe limekatwa, limerefushwa au limeborongwa. Mbinu nyingine kama tashbihi, tashihisi na takriri sitazigusa leo, kwa kuwa anayezikosea huelekezwa mara moja na jambo likaisha. Imani hii kwamba kila neno geni ni uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kuvunja kanuni za lugha ili shairi litoshee, ndiyo isiyokwisha.

Chukua ubeti wa kwanza wa utenzi alioutunga Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Hesabu kwanza. Kila mshororo una mizani nane, lakini wengi hupata saba katika ule wa kwanza kisha hutangaza kwamba una kasoro. Hauna. Ile "n" ya "binti" husimama peke yake kama mizani kamili, bi-n-ti, na anayesoma kwa sauti badala ya kuhesabu kwa macho huisikia bila kuambiwa.

Sasa maneno yenyewe. "Upulike" maana yake ni usikilize, na kupulika ni kitenzi kizima cha Kiswahili cha kaskazini ambacho hakikuzaliwa na haja ya vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana. "Negema" ni "ni-" na "egema", yaani nisogelee, ambapo irabu mbili zimeungana zikawa moja. Naam, muungano huo umeokoa mizani moja, na anayeuita inkisari simkatalii. Ninachokataa ni kudhani kwamba muungano wa namna hiyo ni mali ya washairi peke yao. Muuza samaki anapomwambia mteja "nakwambia hawa wa leo" hasemi "ninakuambia", na hakuna mizani anayoitafuta pale sokoni.

Katika ubeti unaofuata yamo maneno "neno lema kukwambia", na hapo ndipo subira yangu huisha kila mwaka. "Lema" ni jema. Nimeona likiitwa inkisari, nimeona likiitwa mazida, yaani neno lililorefushwa, na kuna aliyeandika kwamba mshairi amekosea ngeli kwa makusudi. Tia "jema" mahali pa "lema" uhesabu upya: mizani ni nane kama zilivyokuwa. Kwa kuwa neno hili limo katikati ya mshororo, kina cha mwisho nacho hakikuguswa. Ikiwa badala inatoshea bila kubadilisha mizani wala kina, basi mizani na vina haviwezi kuwa sababu ya neno kuwa pale. Mwana Kupona alisema "lema" kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya ushairi wa kwao, upande wa Lamu, Siyu na Pate, miongo mingi kabla ya kamati yoyote kukaa kuamua Kiswahili sanifu ni kipi. Kumwambia kwamba amepotoka kwenye sarufi ambayo haikuwapo ni kumdhulumu.

Jaribio hilo la kubadilisha neno ndilo ninalowataka wanafunzi walifanye kabla ya kuandika chochote, kwa sababu hukata pande zote mbili. Rudi kwenye "wangu binti". Mpangilio wa kawaida ni "binti wangu", na mizani hazibadiliki ukiurudisha, lakini kina cha "-ti" kinapotea na ubeti unavunjika. Hapa mshairi kweli ametumia uhuru wake, na mwanafunzi anayeandika hivyo nampa alama bila kusita. "Wasiati" nalo ni la katikati: "wasia" lingepunguza mizani moja na kuua kina, kwa hiyo haja ya umbo refu ipo, lakini ile "-ti" haikuchongwa na mshairi. Imetoka katika Kiarabu, kama ilivyo katika "sanati", na yeye amechagua umbo lililokuwapo tayari. Kuliita mazida tu, bila maelezo hayo, ni kuacha nusu ya habari.

Kosa hili huwafuata wanafunzi hadi kwenye tamthilia. Mhusika mzee wa Mombasa akisema "mato" badala ya macho, au "ndoo hapa" badala ya njoo, anaandikiwa kwamba lugha yake ina makosa. Katika tamthilia ya nathari hakuna mizani ya kusingizia. Swali linalofaa ni nani mwingine jukwaani anamwelewa, nani anajifanya hamwelewi, na hadhira inajifunza nini juu yake kabla hajaeleza anakotoka.

Yapo mambo yanayonitatiza mimi mwenyewe. Mshairi wa leo aliyekulia bara akiandika "mato" mwishoni mwa mshororo ili lipatane na "mtoto", je, hiyo ni lahaja au ni uhuru wa mshairi? Nadhani ni vyote viwili, ingawa jedwali la mtihani halina kisanduku cha jibu la namna hiyo. Tena, tenzi za kale zilitufikia kwa hati za herufi za Kiarabu, ambazo kwa kawaida hazikutofautisha "e" na "i" wala "o" na "u", na zilinakiliwa na watu waliokuwa na lahaja zao. Mnakili wa Mombasa angeweza kuandika umbo la kwao bila kujua kwamba amebadilisha kitu. Kwa hiyo baadhi ya maumbo tunayomsifia au kumlaumu mtunzi huenda yakawa mkono wa mtu mwingine kabisa.

Hata "wangu binti" sina hakika kwamba kina kinalieleza lote. Ukiusoma mshororo ule polepole, mama mgonjwa (maradhi yake anayataja katika ubeti wa pili) anasema "negema wangu" kwanza, na kwa pumzi moja mwana ni wake kabla hajatajwa kuwa binti. Kina kingeweza kupatikana kwa njia nyingine, naye alichagua hii. Darasani huandika maelezo yote mawili ubaoni, yale ya kutafuta kina na yale ya mapenzi ya mama, na nikawaacha wanafunzi wabishane hadi kengele ilie.