Sifuri Si Kipimo: Kuelewa Alama, Kazi za Fidia na Kazi za Nyumbani katika Masomo ya Sayansi

Mwanafunzi wa fizikia anayechunguza jinsi maji ya moto yanavyopoa husoma kipimajoto kila baada ya dakika moja na kuandika alichokiona. Hutokea dakika ya nne ikampita, pengine kwa sababu alikuwa akimsaidia mwenzake kushika saa. Hakuna mwalimu atakayemruhusu aandike nyuzi 0 katika nafasi hiyo ya jedwali. Ataambiwa aiache wazi, aeleze kwamba kipimo hakikuchukuliwa, kisha achore mchoro wake kwa nukta alizo nazo. Lakini jioni mwalimu huyo huyo akifungua daftari la alama na kukuta kwamba mwanafunzi fulani hakuleta ripoti ya maabara, huandika 0 bila kusita, na sifuri hiyo huingia katika wastani wa muhula kana kwamba kuna kitu kilichopimwa.

Sisi tunaoshughulika na upimaji wa wanafunzi hukutana na jambo hili mara nyingi, na ndilo linalozaa malalamiko mengi ya wazazi kuhusu alama za sayansi. Sifuri moja katika daftari inaweza kuwa na maana mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi alikaa, akajibu maswali, na hakuna alichokipata. Ya pili ni kwamba hatujui anachokijua, kwa kuwa kazi yake haijatufikia. Tuchukue mwanafunzi aliyepata 80 katika kazi nne, na ya tano hakuiwasilisha. Ukiweka 0, wastani wake unashuka hadi 64, ilhali hakuna siku hata moja ambayo mwanafunzi huyo alionyesha uelewa wa kiwango cha 64. Namba hiyo haimwelezi yeye, wala haimsaidii mwalimu wa mwaka unaofuata anayetaka kujua aanzie wapi.

Mwaka 2004 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Douglas Reeves, alionyesha kasoro nyingine ya hesabu hii. Katika mfumo wa alama 100 ambamo daraja la chini la kufaulu huanzia 60, madaraja ya juu hutengana kwa alama 10 tu, lakini kutoka daraja hilo la chini hadi sifuri kuna shimo la alama 60. Kazi moja isiyowasilishwa hupewa uzito ambao hakuna kazi iliyofanywa vibaya inayoweza kuufikia. Baadhi ya shule zimelijibu tatizo hili kwa kuweka kikomo cha chini cha 50, na hapo nakiri kwamba sishawishiki. Kumpa 50 mtu ambaye hakufanya kazi ni kuandika kipimo cha kubuni vilevile, ila safari hii ubunifu umeelekea upande wa huruma. Lililo sahihi zaidi ni kuandika kwamba kazi haijawasilishwa, kuweka tarehe ya kuikamilisha, na muhula ukiisha bila kukamilika, matokeo ya somo yabaki na maelezo kwamba hayajakamilika. Pale ambapo kanuni za juu zinadai namba, mwalimu aamue kwa kutazama ushahidi wote alio nao juu ya mwanafunzi huyo.

Walimu wengi huuliza, kwa haki kabisa, kama wanafunzi hawatapuuza kazi wakijua kwamba sifuri imeondolewa. Jibu letu ni kwamba adhabu inayoendana na kutofanya kazi ni kuifanya. Mwanafunzi ambaye hajaleta ripoti huitwa katika saa maalumu ya usimamizi baada ya vipindi, huketi, na huiandika hapo. Mzazi huarifiwa wiki hiyo hiyo badala ya kusubiri karatasi ya mwisho wa muhula. Kwa mwanafunzi mvivu, sifuri ni nafuu. Akishaipokea, deni limefutika na jioni yake ni huru.

Kuchelewa nako kunahitaji kutenganishwa na ujuzi. Kipimajoto hakipunguzi nyuzi mbili kwa sababu aliyekitumia amefika darasani baada ya kengele, na alama ya kemia haipaswi kupungua kwa sababu hiyo. Nidhamu, mahudhurio, unadhifu wa daftari na utimizaji wa tarehe ni mambo mazito, na mzazi ana haki ya kuyajua, lakini yaandikwe katika safu yake. Yakichanganywa na ujuzi, mwanafunzi mpole asiyeelewa mlinganyo wa kemikali na mwanafunzi mtundu anayeuelewa vizuri huishia na 65 sawasawa, na hakuna anayeweza kuzichambua tena namba hizo. Wahenga walisema kawia ufike, ila ni kweli pia kwamba tarehe ya mwisho ina sababu zake: majibu yakishajadiliwa darasani, kazi ile ile haiwezi tena kupima chochote, na anayechelewa kupita hapo atafanya toleo jingine.

Usahihishaji wenyewe una udhaifu wa zamani. Miaka ya 1912 na 1913, Daniel Starch na Edward Elliott wa Marekani walituma nakala za karatasi zile zile za wanafunzi kwa walimu wengi wa shule za sekondari wazisahihishe. Watu walitarajia tofauti katika insha za Kiingereza. Kilichowashangaza ni karatasi ya jiometri, ambayo walimu waliipa alama kuanzia chini ya 30 hadi zaidi ya 90, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mazoea yake kuhusu kukata alama kwa uchafu wa mchoro, hatua iliyorukwa au kosa la kujumlisha. Karne moja baadaye mazoea hayo yangalipo, na dawa yake ni mwongozo wa kusahihishia ulioandikwa kabla kazi haijatolewa na ambao mwanafunzi ameuona.

Jaribio la pendulamu linaonyesha vizuri kwa nini mwongozo huo ni muhimu. Mwanafunzi anatundika jiwe kwenye uzi wenye urefu wa mita 1, anahesabu mizunguko 20 na kupata sekunde 40, kisha anatafuta mchapuko wa mvutano wa dunia. Akigawanya sawasawa, muda wa mzunguko mmoja ni sekunde 2.0 na jibu lake ni karibu 9.87. Akikosea kugawanya na kuandika 2.1, jibu litakuwa karibu 8.95 hata kama kila hatua iliyofuata ilikuwa sahihi. Msahihishaji anayetazama jibu la mwisho pekee humnyima alama zote. Msahihishaji mwenye mwongozo hukata alama moja mahali kosa lilipotokea, kisha hufuata hesabu kwa kutumia namba ya mwanafunzi mwenyewe na kumpa alama za hatua alizozifanya vizuri, maana alichokosea ni kugawanya, si fizikia.

Kuna hatari kubwa zaidi pale alama za jaribio zinapofungwa kwenye jibu linalotarajiwa. Kwa kuwa mkono wa binadamu huchelewa kubonyeza saa kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, tofauti hiyo peke yake katika sekunde 40 inatosha kuyumbisha jibu la pendulamu kwa karibu 0.1 juu au chini. Hivyo mwanafunzi aliyepata 9.81, thamani ile ile iliyo vitabuni, katika kila mstari wa jedwali lake hunitia shaka kuliko aliyepata 9.7, 9.9 na 9.8. Huyo wa kwanza huenda amejifunza jambo ambalo hatukukusudia kumfundisha: kwamba matokeo hupikwa yalingane na kitabu. Sera ya alama inapaswa kusema waziwazi kwamba katika kazi za vitendo alama hutolewa kwa uangalifu wa kupima, uaminifu wa kuandika kilichoonekana, na uwezo wa kueleza kwa nini matokeo yametofautiana na yaliyotarajiwa.

Kazi za fidia, yaani zile anazopewa mwanafunzi aliyekosa kipindi au mtihani, ni rahisi katika nadharia na ngumu katika maabara. Aliyekosa jaribio la maandishi hupewa karatasi nyingine yenye uzito ule ule na mada zile zile, na suala limekwisha. Maabara haihamishiki hivyo. Kemikali zimekwisha kuchanganywa na nyingine hazikai: haidrojeni peroksaidi hupungua nguvu kadiri siku zinavyopita, na maji ya wanga yaliyopikwa kwa ajili ya kipindi cha biolojia huharibika. Mbegu za maharage zilizooteshwa kwa siku saba haziwezi kuharakishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Tena aliyekosa kipindi amekosa pia maelekezo ya usalama yaliyotolewa mwanzoni, kama vile kwamba asidi kali humiminwa polepole ndani ya maji na kamwe maji hayamiminwi ndani ya asidi, kwa sababu joto linalozalishwa linaweza kuichemsha na kuirusha usoni. Kwa hiyo haruhusiwi kuingia na kufanya peke yake eti afidie, hata kama ni hodari kuliko wote.

Njia tunayoipendekeza kwanza ni kutenga kipindi kimoja cha fidia kabla vifaa havijaondolewa mezani, mwalimu au fundi wa maabara akiwapo. Hilo lisipowezekana, mwanafunzi apewe data za kundi lake, aandike wazi kwamba hazikukusanywa naye, kisha apimwe kwa uchambuzi tu: mchoro, hesabu, majadiliano. Asipewe alama za kutumia vifaa, kwa kuwa hakuna anayeweza kujifunza kusoma bureti (mrija wenye alama za kupimia kimiminika), jicho likiwa usawa wa mkunjo wa kimiminika, kwa kunakili namba za mwenzake. Ujuzi huo usubiri jaribio jingine litakalouhitaji, na hadi hapo nafasi yake ibaki wazi. Kuhusu sababu za kukosa, ugonjwa na msiba havihitaji mahakama. Mwalimu wa sayansi hakuajiriwa kuchunguza vyeti. Muda wa kufidia uwe angalau sawa na siku alizokosa mwanafunzi, na mwenye kuomba awe mwanafunzi mwenyewe, si mwalimu wa kumkimbilia.

Kurudia mtihani baada ya kufeli ni jambo tofauti, ingawa mara nyingi huwekwa katika fungu moja na fidia. Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi aruhusiwe mara moja, kwa maswali mapya, baada ya kusahihisha makosa yake ya awali kwa maandishi, na alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani badala ya kuchanganywa nayo. Aliyeshindwa kusawazisha milinganyo mwezi uliopita na sasa anaweza, anaweza.

Kuhusu kazi za nyumbani, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 na Harris Cooper pamoja na wenzake yalikuta kwamba uhusiano kati ya kazi hizo na ufaulu ni wa wazi zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko wa madarasa ya chini. Cooper pia anajulikana kwa kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa, ambayo kwake mwanafunzi wa mwaka wa kumi wa shule angekuwa na takriban dakika 100 kwa usiku mmoja. Hizo ni dakika za masomo yote. Mwalimu wa fizikia anayetoa maswali ya saa moja na nusu amechukua sehemu ya kemia, hisabati na lugha bila kuwauliza wenzake.

Aina ya kazi ina uzito kuliko wingi wake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma matini na kuirudia kuisoma na wale walioisoma kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele; baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka walikuwa wamewapita. Kwa hiyo kunakili ukurasa wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwa mwandiko mzuri ni kazi hafifu, na kuuchora kitabu kikiwa kimefungwa, kisha kukifungua na kujisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, ni kazi nzuri ingawa mchoro utakuwa na makosa mengi.

Makosa hayo ndiyo sababu mojawapo ya kutoyapa mazoezi ya nyumbani uzito mkubwa katika alama. Sababu nyingine ni kwamba hatujui aliyeyafanya: kaka, rafiki, au programu ya kompyuta inayojibu swali kabla mwanafunzi hajamaliza kulisoma. Uzito wa sehemu moja ya kumi ya alama zote ni mwingi wa kutosha, na mwalimu anayetaka kujua kama kazi ni ya mwanafunzi amwite ubaoni kwa dakika tatu aeleze hatua moja. Utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988 unatupa sababu ya tatu. Wanafunzi waliopewa maoni pekee juu ya kazi zao waliendelea vizuri, ilhali waliopewa alama pamoja na maoni hawakunufaika hivyo. Walipoona namba, maneno hayakuwa na kazi tena.

Maoni yana muda wake wa kufaa, na hapa tarehe ya mwisho inamhusu mwalimu pia. Ripoti ya maabara inayorudi baada ya wiki sita, mada tatu zikiwa zimepita, husomwa namba yake tu na kutupwa chini ya dawati. Sera inayomdai mwanafunzi siku tano za kuwasilisha imdai mwalimu siku saba za kurudisha. Iandikwe yote katika ukurasa mmoja, igawiwe katika wiki ya kwanza kwa wanafunzi na wazazi, na ikigundulika katikati ya muhula kwamba kanuni fulani ina kasoro, marekebisho yahusu kazi zijazo. Zilizokwisha kusahihishwa zibaki chini ya kanuni ambayo wanafunzi waliijua walipokuwa wakizifanya.