Je, wajua simu isiyo na bando inaweza kuwasha taa ya banda la kuku?

Usiku wa Nakuru una baridi yake. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mfugaji wa Bahati au Njoro mwenye vifaranga wachanga anajua maana yake, kwa sababu wiki ya kwanza vifaranga hao wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Basi mchukulie mfugaji huyo yuko kitandani saa nane za usiku. Anafungua kwenye simu ukurasa wenye vitufe viwili, WASHA na ZIMA. Anagusa cha kwanza, na taa ya banda kule nyuma ya nyumba inawaka. Simu yake haina bando hata kidogo. Ruta ya nyumbani nayo haijalipiwa mwezi huu. Amewezaje?

Amewezaje, ni kwa sababu Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Wi-Fi ni redio inayobeba ujumbe baina ya vifaa vilivyo karibu, basi. Intaneti ni safari nyingine inayoanza baada ya ruta, na hiyo ndiyo tunayolipia. Ukurasa alioufungua mfugaji wetu haukutoka Ulaya wala Nairobi. Umetoka bandani mwake, ndani ya kibao kidogo cha kielektroniki kilichofungwa karibu na swichi.

Moyo wa kibao hicho ni maikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya chipu moja. Mojawapo inayopendwa sana kwa kazi hii ni ESP8266, iliyotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi, ESP32, akafuata mwaka 2016. ESP8266 ina upana wa milimita 5 kwa 5, na redio ya Wi-Fi imo humo humo. Kumbukumbu yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya simu, lakini ukurasa wa vitufe viwili ni mistari michache ya maandishi tu, kwa hiyo inatosha na kubaki.

Kinachofanya kibao hicho kiitwe seva ni tabia yake. Seva ni kama mwenye nyumba aliyekaa karibu na mlango akisubiri hodi: haanzi mazungumzo, hujibu anayebisha. Mlango wenyewe una namba, na kwa kurasa za wavuti za kawaida ni 80. Ukigusa WASHA, kivinjari cha simu hutuma mstari mfupi wa maandishi, GET /washa HTTP/1.1, pamoja na maelezo machache mengine. Programu iliyo kwenye chipu husoma mstari huo, ikaliona neno /washa, ikapandisha umeme kwenye pini moja, yaani mguu mmoja wa chipu, kisha ikarudisha ukurasa ulioandikwa “Taa: IMEWAKA”. Yote hayo huisha kabla hujainua kidole vizuri.

Hapa kuna mtego ambao wanafunzi wengi huuingia. Badala ya viungo viwili, /washa na /zima, wanaandika kimoja, /geuza: kama taa imewaka izime, kama imezima iwake. Kinapendeza, hadi siku mtu anapovuta ukurasa chini ili uji-refreshi. Kivinjari kinarudia ombi lile lile, na taa inazimika bila mtu kugusa kitufe. Ukiwa na /washa na /zima kila kimoja peke yake, ombi likirudiwa mara kumi matokeo ni yale yale. Kwa maoni yangu programu ya /geuza haifai kukaribia banda lenye vifaranga.

Chipu inaweza kuunganishwa na ruta ya nyumbani, au ikatangaza mtandao wake yenyewe bila ruta yoyote. Kwa njia hii ya pili, anwani yake ya kawaida ni 192.168.4.1, na hiyo ndiyo unayoiandika kwenye kivinjari. Simu italalamika kwamba mtandao huu hauna intaneti, na simu nyingi za Android zitajaribu kurudi kwenye data kimyakimya, ukurasa ukatae kufunguka. Zima data kwanza, au iambie simu ibaki hapo hapo. Ukitumia ruta, iagize iipe chipu anwani ile ile kila siku, la sivyo ruta ikizimwa na kuwashwa utaanza kuitafuta taa yako upya.

Jirani wa Kisumu anaweza kuwa na anwani kama yako, na hamtagongana. Namba zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, hazipiti kwenye intaneti kuu. Ndiyo maana ukiwa safarini Kakamega huwezi kuiandika anwani hiyo ukaifikia taa yako ya Bahati. Itabidi pawe na mtu wa kati: seva iliyo kwenye intaneti ambayo chipu na simu zote zinaipigia. Lugha inayotumika sana kwa kazi hiyo ni MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Na hata ukibaki ndani ya nyumba, weka nywila nzito kwenye Wi-Fi yako, kwa kuwa ukurasa wetu hauulizi anayebisha ni nani. Mgeni uliyempa nywila ya kutazamia mpira anaweza kuizima taa pia.

Sasa tuje kwenye stima yenyewe. Pini ya chipu hutoa volti 3.3 na mkondo mdogo sana, karibu miliampea 12. Taa yako iko kwenye volti 240. Kati yao anakaa rilei, kile kisanduku cha buluu chenye sauti ya “ta!” kila kinapobadilika. Ndani yake mna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na chuma hicho kinaunganisha waya za taa. Hakuna waya unaotoka upande wa volti 240 kuja kwenye chipu, sumaku tu ndiyo inayovuka. Koili yenyewe inataka miliampea 70 hivi, ambazo pini haiwezi kuzitoa, kwa hiyo transista, swichi ndogo ya kielektroniki, husaidia, na dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, humeza mshindo wa umeme unaorudi koili inapozimwa. Bodi za rilei za madukani huja na vitu hivyo tayari. Angalia tu: nyingi huwaka umeme wa pini ukiwa chini, si juu, na hapo ndipo WASHA inapozima na ZIMA ikawasha. Upande wa volti 240 mwachie fundi wa stima.

Rilei hizo ndogo huandikwa ampea 10, na watu huona zinatosha kuendesha pampu ya maji. Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na vidole vya rilei huungua au kushikana, pampu ikakataa kuzimika. Pampu ipewe kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku inayohimili mkondo wa mota, rilei iwe ya kuiamrisha kontakta tu.

Kuna pia suala la stima kupotea. Ikirudi, chipu huanza upya kama haikujua lolote, isipokuwa umeifundisha kukumbuka. Pampu inafaa kuanza ikiwa imezimwa. Taa ya vifaranga inafaa kuanza ikiwa imewaka, hata kama ulikuwa umeizima mchana.

Na ule ukurasa unaoandika “IMEWAKA” unaripoti amri iliyotolewa, hauioni taa. Balbu ikiungua, bado utasoma IMEWAKA. Ongeza kipima joto kama DS18B20, kinachotumia pini moja tu ya chipu, kining’inie usawa wa migongo ya vifaranga, na ukurasa uonyeshe nyuzi pembeni mwa kitufe. Nyuzi zikishuka chini ya 32 huku ukurasa unasisitiza kuwa taa imewaka, chukua tochi na balbu mpya uende bandani.